Moto wa gogo moja: kuota moto usiku bila kumaliza kuni za jiko



Mungali munakumbuka mkesha wa mwisho wa mwaka uliopita. Tuliwasha moto mkubwa katikati ya uwanja, tukaimba, tukafurahi sana. Lakini mbele ya saa tatu ya usiku moto ulikuwa umekwisha kuwa majivu. Tukaleta kuni zingine, nazo zikaisha. Tukaleta tena. Asubuhi Mama wa jiko alifika na sufuria zake, akatazama mahali pa kuni, akauliza: « Batoto, kuni yangu ya siku mbili iko wapi? » Hakuna mtu aliyejibu. Tulikuwa tumechoma mizigo kumi na miwili. Siku ile maharagi yaliiva saa kumi ya jioni, na wadogo wetu wa mwaka wa kwanza walikaa na njaa toka asubuhi. Sisi makapita tuliitwa kwa Baba Prefe. Tulinyamaza, sababu hatukuwa na la kujibu.

Mwaka huu watu walianza kusema: afazali mkesha ufanyike bila moto. Sisi makapita tuliomba nafasi ya kujaribu namna nyingine: moto wa gogo moja lililosimama. Mara ya kwanza tulishindwa kabisa. Mara ya pili tulifaulu. Tunataka kuwaelezea namna ya kuufanya na sababu yake, kwa maana mwenye kujua sababu hashindwe akikuta gogo la namna nyingine.

1. MOTO HUU NI NINI?

Ni gogo moja linalosimama wima. Limepasuliwa toka juu kwenda chini, lakini vipande vyake vimerudishwa pamoja, na mwanya mdogo katikati yao. Moto unawashwa ndani, upande wa juu. Unakula gogo toka ndani, unashuka polepole kama mshumaa. Hakuna mtu wa kukaa karibu na kuongeza kuni.

Kwa Kifaransa wanauita « torche suédoise ». Katika nchi ya Ufini, kaskazini kabisa ya Ulaya, wanauita jätkänkynttilä, maana yake mshumaa wa mkata-miti. Jina hilo linapendwa sana kule, hata daraja moja kubwa la mji wa Rovaniemi, lililofunguliwa mwaka wa 1989, linaitwa vile. Wakata-miti wa kule walifanya kazi katika theluji. Ukiweka kuni juu ya theluji, moto unaiyeyusha na maji yanazima moto. Gogo lililosimama linashika moto juu, mbali na maji.

Sisi hatuna theluji, lakini tuna matope, na baridi pia. Mutu wa mbali akisikia kama mstari wa ekweta unapita karibu na Butembo, anafikiri tunatoka jasho usiku na muchana. Hajui kama mji ule uko karibu metre 1.700 juu ya bahari, na hapa kwetu milimani mwa Lubero mwanafunzi wa interna analala na blanketi mbili.

Tusifikiri kama wazee wetu hawakujua moto wa kukaa. Mzee wetu wa zamu anaweka magogo matatu, vichwa vinakutana, kisha anayasukuma kidogo kidogo usiku kucha. Ni moto mzuri sana. Lakini unataka mtu aliye macho, na mwangaza wake ni kidogo.

2. KWA NINI GOGO MOJA LINAKUBALI KUWAKA?

Fanyeni jaribio hili ku jiko. Ondoa kijiti kimoja kinachowaka, kiweke peke yake juu ya jiwe. Baada ya dakika chache ulimi wa moto unazimika, moshi unabaki. Kirudishe karibu na wenzake: kinawaka tena. Kijiti ni kile kile. Nini imebadilika?

Mti hauwaki moja kwa moja. Moto ukiupasha, kwanza maji yake yanatoka kama mvuke. Kisha mti wenyewe unaanza kuvunjika na kutoa gazi, na ni gazi ile inayowaka na kufanya ulimi wa moto tunaouona. Katika kilo kumi za kuni kavu, karibu nane zinaondoka kama gazi, na karibu mbili zinabaki kama makala. Kwa kufanya kazi hiyo mti unataka moto wa degre 300 hivi. Kijiti kilicho peke yake kinapoteza moto wake pande zote, kinashuka chini ya degre zile, gazi inakoma. Lakini vijiti viwili vinavyotazamana vinarudishiana moto: kile kimoja kinachopoteza, kingine kinapokea.

Ni kwa sababu hiyo gogo zima, ukililaza peke yake na kuliwasha, linaungua ganda tu na kuzimika. Ukilipasua mara nne na kurudisha vipande mahali pao, umepata kuni nne zinazotazamana. Moto ule wa katikati hauna njia ya kupotea.

Jambo la pili ni hewa. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda. Ikipanda katika tundu la katikati, inavuta hewa mpya kupitia nyufa za chini, sawasawa na bomba la moshi. Gogo linajipulizia lenyewe. Mwanya ukiwa mwembamba sana, gazi inakosa hewa, na munapata moshi wa kutoa machozi. Mwanya ukiwa mpana sana, vipande havipashani tena moto. Kipimo chetu ni unene wa kidole kimoja.

3. TULISHINDWA MARA YA KWANZA: MAJI

Mwezi wa kumi tulikata mkaratusi (ekaliptusi) mmoja katika shamba la miti la masomo, na siku ya posho iliyofuata tukauwasha. Tulikuwa tumeupasua kwa msumeno wa mkono. Tulitumika tangu asubuhi mpaka saa nane, mikono ikafanya malengelenge. Jioni tukaita watu. Gogo lilitoa moshi saa nzima, maji yakichemka na kulia ku vichwa vya mbao, kisha likazimika. Wa mwaka wa nne wakatucheka wiki mbili.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza: msumeno wa mkono unaacha mwanya mwembamba sana, hewa haipite. Wale wanaotumia msumeno huu mahali pengine wanatumia tronsoneze, ambayo inakula mbao karibu sentimetre moja. Sisi hatuna tronsoneze. La pili na kubwa zaidi ni maji.

Wenzetu wa sayansi watatusikia vizuri hapa. Kilo moja ya kuni kavu inatoa karibu megajoule 15. Kilo moja ya kuni mbichi, ambayo nusu ya uzito wake ni maji, inatoa karibu megajoule 8 tu. Kwanza, kuni yenyewe ndani yake ni nusu kilo. Tena, sehemu ya moto wake inatumika kuyageuza maji yale kuwa mvuke. Mwenye kuchoma kuni mbichi anachemsha maji yaliyo ndani ya mti mbele ya kuchemsha yaliyo ndani ya sufuria.

Mzee wa zamu alikuja kutazama gogo letu lililozimika, akaligonga kwa fimbo yake. Akasema: « Bana bangu, moto haikatae. Munaipatia maji, itakula nini? »

4. NAMNA YA KUFANYA

Mara ya pili tulitwaa vipande vya mkaratusi ulioangushwa na upepo, ambavyo vilikuwa vimepasuliwa na kulala chini ya paa la karakana zaidi ya mwaka mmoja. Hii ndiyo njia tuliyofuata, na ile tunayoshauri.

(a) Kuchagua. Gogo liwe nyoofu na lisiwe na mafundo mengi, kwa maana fundo linapotosha ufa. Unene wake sentimetre 25 mpaka 35, urefu wake 60 mpaka 80. Letu lilikuwa na unene wa 30 na urefu wa 70. Likiwa kavu lilipita kilo 30 kidogo, ni kusema mzigo mmoja wa mama. Mkaratusi unafaa. Akasia ya kupandwa nayo inafaa. Siprese inashika moto upesi, lakini inaruka cheche, afazali kuitumia kwa kuwashia tu.

(b) Kupasua likiwa bichi. Mkaratusi mkavu ni mgumu kama mfupa. Ukiwa mbichi unakubali. Tumia shoka, kabari mbili za chuma na nyundo kubwa. Kabari moja ikikwama, ya pili inaifungua. Pasua nusu, kisha kila nusu mara mbili. Andika namba 1, 2, 3, 4 kwa makala juu ya vichwa, ili vipande virudi mahali pao. Mtu asishike kabari kwa mkono wakati mwenzake anapiga. Ipigwe kidogo mpaka isimame yenyewe, na watazamaji wakae mbali.

(c) Kuchonga tundu. Kila kipande kina pembe kali upande wa ndani, pale palipokuwa moyo wa mti. Iondoe kwa shoka, karibu sentimetre 3. Vipande vinne vikikutana, katikati panakuwa tundu la sentimetre 5 au 6. Hii ndiyo njia ya hewa. Usitupe machicha yale, ndiyo yatakayowashia.

(d) Kukausha. Weka vipande chini ya paa, juu ya fito mbili, mbali na udongo, upepo upite. Visipate mvua. Miezi sita ni kidogo, mwaka mmoja ni vizuri. Vikiwa vikavu, ukivigonganisha vinalia « ko! », vibichi vinasema « bu! » tu. Kama hamuamini masikio yenu, pimeni kipande kimoja kwa mizani kila wiki mbili. Uzito ukiacha kushuka, ni kavu.

(e) Kusimamisha. Chimba shimo la sentimetre 15, sakafu yake iwe sawa. Simamisha vipande vinne kwa namba zao. Katikati yao, chini, weka vijiwe vya unene wa kidole ili nyufa zibaki wazi. Funga kwa waya chini ya nusu ya gogo. Hapana kufunga kwa kamba ya migomba wala ya nailo, itaungua na gogo litafunguka. Rudisha udongo na kuukanyaga vizuri, lakini nyufa zisizibwe juu ya udongo.

(f) Kuwasha. Pitisha vijiti viwili vyembamba katika nyufa ili vifanye msalaba ndani ya tundu, urefu wa kiganja toka juu. Juu yao weka machicha, vipande vidogo vya siprese na magunzi makavu ya mahindi. Washa kwa karatasi. Dakika kumi na tano za kwanza ongeza machicha kidogo kidogo. Pande za ndani zikiwa nyeusi na kuanza kuwa nyekundu, acha. Sasa gogo linajua kazi yake.

(g) Kuangalia. Kama moshi ni mwingi, nyufa ni nyembamba: pitisha kabari na kupanua kidogo. Kama upepo ni mkali na moto unakula upande mmoja, ziba ufa wa upande ule kwa udongo uliolowa.

Letu tuliliwasha saa moja ya jioni. Saa moja na nusu tuliweka mawe matatu madogo juu yake, ili tundu lisizibwe, na sufuria ya litre 5 juu ya mawe. Chai ilipatikana. Mpaka saa nne ndimi za moto zilikuwa zinaonekana, na watu thelathini waliota bila kusukumana. Saa sita ya usiku palibaki makala tu, na mzee wa zamu akavuta kiti chake karibu.

5. HATARI

Hapa tunasema kama makapita, na hatutaki mabishano.

Hapana kumwaga esansi ndani ya tundu. Esansi inatoa mvuke ambao hauonekani. Mvuke ule unajaa ndani ya gogo, na mtu akileta kiberiti unalipuka mbele ya uso wake. Na mtu akimwaga juu ya moto ambao umekwisha kushika, moto unaweza kupanda mpaka ndani ya bido lililo mkononi mwake.

Mahali pa moto pawe udongo mtupu, metre tatu pande zote bila majani, na si chini ya miti. Majani makavu ya mkaratusi yana mafuta. Wakati wa kiangazi yanapeleka moto mlimani mbele ya mtu kusema neno. Ndoo mbili za maji na moja ya mchanga ziwe karibu.

Gogo linakonda toka ndani, na mwishoni vipande vinaanguka inje. Jambo hili lilitupata. Tulikuwa tumefunga waya juu sana. Ulipokuwa mwekundu ulilegea, kipande kimoja kikaanguka upande wa watoto wa mwaka wa kwanza. Hakuna aliyeungua, lakini blanketi moja lilipata tundu, na tulilipa. Kwa hiyo watu wakae mbali kupita urefu wa gogo lenyewe, na waya ufungwe chini.

La mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Moto ukiisha, makala yanabaki mazuri, mekundu, na baridi ya usiku ni nyingi. Mtu anafikiri: nitayatia katika mbabula na kuyapeleka dortuari. Hapana, hata siku moja! Makala yanayowaka ndani ya nyumba iliyofungwa yanatoa gazi inayoitwa oksidi ya kaboni, CO. Haina harufu, haina rangi, haikohoze mtu. Inashika damu mahali pa hewa, na mtu aliyelala haamki tena. Makala yazimwe kwa maji pale pale, na asubuhi yapelekwe kwa Mama wa jiko, ni ya kwake.

6. GOGO HALIFANYI MIUJIZA

Ndugu mmoja alituuliza: « Kama ni nzuri vile, sababu gani tusipike nayo chakula cha interna nzima? » Jibu ni kama kilo moja ya kuni kavu ina megajoule zake 15 ikilala au ikisimama. Gogo halizidishi moto, linautoa polepole na katika njia moja. Kwa mwangaza na kwa kuota, hilo ndilo tunalotaka. Kwa sufuria kubwa za jiko halitoshi.

Lakini fanyeni hesabu hii. Kuchemsha litre moja ya maji toka degre 20 mpaka 100 kunataka megajoule 0,34 hivi. Basi kilo moja ya kuni kavu ingeweza kuchemsha litre zaidi ya 40. Juu ya mafiga matatu, katika upepo, tunapata tano au sita. Zingine zote zinapasha mbingu. Tunaomba waalimu wetu wa fizika watusaidie kujenga ukuta wa udongo kuzunguka mafiga ya jiko. Kazi hiyo wanafunzi wataifanya siku za kazi ya mikono.

Tusisahau kuni zinatoka wapi. Mkaratusi ulitoka Australia, ukapandwa huku, na kisiki chake kinachipuka tena kikikatwa vizuri. Lakini si kila mzigo ni mkaratusi wa kupandwa. Pori ya Virunga, ambayo ni parke tangu mwaka wa 1925, na ya kwanza katika Afrika, imekatwa sana kwa ajili ya kuni na makala. Mwaka wa 1994, wakimbizi wengi walipofika Goma, miti mingi ya parke iliisha kwa muda mfupi, sababu watu walitaka kupika. Na mizigo hiyo nani anaibeba? Ni mama zetu na dada zetu, kamba ku paji la uso, mlima baada ya mlima. Tulipochoma mizigo kumi na miwili katika usiku mmoja, hatukufikiri juu ya shingo hizo.

Mkesha wa mwaka huu utakuwa na magogo mawili tu, moja kila upande wa uwanja. Yako tayari, ni makavu, tumeyagonga yanalia « ko! » Baba Prefe ametukubalia. Mama wa jiko alitaka kuyaona mbele ya kutoa neno lake. Aliyazunguka, akainua kipande kimoja kwa mkono, akasema: « Mbili tu? » Tukasema: « Mbili tu, Mama. » Akahesabu mizigo yake ya kuni mbele ya macho yetu, akatuambia kama asubuhi ya mkesha ataihesabu tena.

Sisi mafinalisti tunaenda kufanya egzame ya Serikali, na wengi wetu hatutarudi hapa. Katika mwezi wa kwanza tulikata mikaratusi miwili, tukapasua magogo manne, tukayaweka chini ya paa la karakana, juu ya fito, na namba zake juu ya vichwa. Ni ya mkesha wa mwaka ujao. Wadogo wetu wa mwaka wa tano, msiyaguse mbele ya wakati, hata mvua ikinyesha na kuni zikikosekana. Na mwezi wa kwanza ukifika, ninyi nanyi mupasue mengine manne kwa wale watakaowafuata.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita,
kwa jina la makapita wote